Pemba Kwenye Kioo cha Kisimba

Kisimba alikuwa mtu wa kioo. Kambini Manika, wafanyakazi wenzake walimtania kwamba yeye anaweza kukaa siku mbili bila kuoga, lakini darubini yake haijalala na vumbi hata siku moja. Na tusimwonee bure. Vumbi la Kolwezi unalijua, linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Alikuwa akibeba vyombo vya wapimaji wa mgodi, na huko ndiko alikofunzwa kwamba kioo hakifutwi kwa shati. Kwanza unapuliza. Halafu unapitisha brashi laini mpaka chembe za mchanga zitoke. Alama ikibaki, unakipumulia kidogo, ndipo unafuta taratibu kwa kitambaa kilichofuliwa. Ukiruka hatua, mchanga unakwaruza, na mkwaruzo wa kioo hauna dawa.

Darubini yenyewe aliachiwa na injinia mmoja Mzungu aliyefunga mizigo kurudi kwao, mwaka wa sabini na tano. Kisimba akaipenda kuliko hata redio. Mwezi wa sita alipopata konji, ile likizo ya kazini, yeye na mkewe Ndaya wakapanda lori la Abibu, mfanyabiashara wa njia ya Sandoa, wakaenda kumwona baba yake kijijini, na Kisimba akaipakata darubini safari nzima kama mtoto mwenye homa.

Baba yake, mzee Mbayo, alikuwa mwindaji ambaye wawindaji wengine walipita kwake kwanza. Desturi yao ilikuwa hii: asubuhi ya kuwinda, wote husimama kwenye kichuguu kikubwa mwisho wa kijiji. Mzee analowesha pemba, ule udongo mweupe, kiganjani, anakupaka kwenye paji la uso, kisha anapaka bunduki, kisu, kamba, hata mbwa. Kila kinachoingia porini kinapakwa. Pemba ni radhi ya mzazi, na radhi ni bora kuliko mali. Hilo Kisimba alilijua tangu hajaota meno.

Lakini mzee alikuwa ameshikwa na ukungu wa macho. Alitambua watu kwa sauti, na vitu kwa kuvipapasa. Asubuhi ambayo Kisimba alikwenda kuwinda, mzee aliwapaka wawindaji wengine wote, akapaka paji la mwanawe, akapaka bunduki, kisha mkono wake ukafika kwenye kile kitu kilichoning'inia kifuani.

“Na hii, tata, ni nini?” akauliza mzee, akimwita mwanawe tata, yaani baba, kama wazazi wa kwao wanavyowabembeleza wana wao.

Kisimba akamwambia ni kitu cha kuonea mbali. Mzee akafurahi. Akasema kama ni jicho la kuwindia, basi lenyewe ndilo la kupakwa kuliko vyote. Na kabla Kisimba hajarudi nyuma, dole gumba lenye pemba lilikwisha kugusa kioo.

“Apana, tata! Ile pemba iko na muchanga. Utaniharibishia kitu yangu.”

Akaivuta darubini kwa nguvu hata mkono wa mzee ukabaki hewani. Halafu, mtu gani huyu, palepale mbele ya wawindaji wote akatoa brashi yake. Akapuliza, akapangusa, akapumulia, akafuta mpaka kioo kikang'aa. Mzee hakuona, lakini alisikia yote. Wawindaji wakatazama chini. Mbwa tu ndiye aliyejikung'uta.

“Muzuri,” akasema mzee Mbayo. “Muende basi.”

Wakashuka bondeni, wakapanda ng'ambo ya pili, mwendo wa robo saa hivi. Huko juu Kisimba akainua darubini atafute kuro. Akawaona, dume na majike wanne, chini karibu na maji. Akaona hata masikio yao yakifukuza nzi, kwa jinsi kioo kilivyokuwa safi. Akaizungusha taratibu, na ndani ya kioo kikaja kile kichuguu, na baba yake bado yuko pale.

Mzee alikuwa amepiga magoti. Alikuwa anapapasa ardhi kwa viganja, hapa, na pale, na Kisimba hakuelewa anatafuta nini mpaka alipomwona analowesha dole gumba tena. Alikuwa anatafuta nyayo za mwanawe. Kama darubini imenyimwa pemba yake, basi angalau apake pale mwanawe alipokanyaga. Akapapasa, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata, akapaka pemba mahali, akapasawazisha kwa kiganja chake.

Lakini Kisimba alijua aliposimama. Nyayo zake zilikuwa upande wa pili wa kichuguu. Mzee alikuwa amepaka udongo mtupu.

Robo saa tu. Angeshuka, angepanda, angeweka mguu wake pale kwenye pemba na kusema, tata, ni mimi, umenipata. Lakini kuro walikuwa karibu, wenzake walimwonyesha kwa vidole atulie, na yeye akatulia. Akasema moyoni, nikirudi nitamwambia.

Walirudi na nyama, na kelele, na wanawake wakapiga vigelegele. Mzee akala kidogo, akasifu. Ndaya, aliyekwisha kusikia habari kwa wanawake wenzake, akamwambia mumewe achukue kuku, apige magoti, ayamalize. Kisimba akasema kesho. Kesho yake alfajiri Abibu akapiga honi, lori limejaa, halingojei mtu. Akasema basi, konji ijayo.

Konji haikufika. Mwezi wa kumi na moja Abibu alisimamisha lori mbele ya nyumba yao Manika, akashuka bila salamu za mzaha alizozizoea, na Ndaya akaanza kulia kabla Abibu hajafungua kinywa.

Baada ya maziko ya mzee, Kisimba alimwendea mdogo wa baba yake, akamwomba ampake pemba. Baba mdogo akampaka, kwa upole, lakini akamwambia ukweli: hii ni yangu, ile ya tata yako alikwenda nayo.

Akaenda peke yake kwenye kichuguu. Mvua zilikuwa zimenyesha wiki tatu, na majani yameota kote, hata pale mzee alipopaka pemba hapajulikani tena. Darubini ilikuwa shingoni, kioo hakina hata mkwaruzo mmoja. Akaivua akaiweka kwenye matope, akapiga magoti, akaanza kupapasa ardhi kwa viganja, hapa, na pale.