Jina la Mpokeaji

Jumanne ya tarehe kumi na sita Aprili, mwaka elfu mbili ishirini na nne, asubuhi, nilimkabidhi mke wangu Sitara pamoja na begi lake kwenye mlango wa wodi ya wazazi. Jioni nikarudishiwa begi.

Hospitali siitaji. Wenyewe wanajijua.

Mimi kazi yangu ni kufunga mizigo Kariakoo. Mfanyabiashara wa mkoani akishanunua, sisi ndio tunaopanga kwenye viroba, tunashona, tunaandika kwa maka peni, tunapeleka kwenye Fuso na mabasi. Shule niliishia la tano. Kuandika kwangu kwingi ni majina ya watu nisiowajua na namba zao za simu. Mzigo hautoki bila jina la mpokeaji, na chini ya jina, namba. Ukifika huko Mpanda au Newala, hata kama mpokeaji hayupo stendi, utingo anasoma namba anapiga. Kazi hiyo hajaisomea chuo. Anapiga tu.

Basi kuhusu lile begi. Redioni kila siku tunaambiwa mama mjamzito hatoi kitu, huduma bure. Kliniki nesi akatwambia ni kweli hatoi kitu, ila aje na glovu, pamba, wembe mpya, vibanio vya kitovu, mpira wa kulalia, khanga na sabuni. Nikamuuliza, "Sasa hapo nyinyi mnatoa nini?"

"Sisi tunatoa huduma, kaka."

Nikanunua kila kitu, na begi juu yake. Lile la nailoni la mirabamiraba, shangazi kaja. Nani hapa Dar hana shangazi kaja? Jumapili jioni tukakaa chumbani kwetu Mchafukoge, Sitara kitandani na miguu yake iliyovimba, ananipa kimoja kimoja mimi napanga. Mama yake, Bi Shamsa, alikuwa kizingitini anachagua mchele. Hakutaka tuanike vya mtoto mchana, alikuwa anaogopa macho ya watu.

"Haruna," Sitara akasema, "hilo begi au mzigo wa Mpanda? Mbona unalikandamiza hivyo?"

"Tulia. Kinachotangulia kutoka ndicho cha mwisho kuingia."

Nguo za mtoto zikakaa chini, maana yeye ndiye wa mwisho. Juu yake khanga, juu yake mpira, kisha pamba. Glovu nikaziweka juu kabisa, chini ya zipu. Mtu angefungua kidogo tu, mkono wake ungezigusa. Zipu mbili nikazifunga pamoja kwa uzi wetu wa kushonea viroba, fundo la kuvuta, lile ambalo ukishika ncha moja linaachia lote. Nikachukua maka peni.

"Unaandika jina langu?" Sitara akauliza.

"Wewe ndiye msafirishaji. Mimi naandika mpokeaji."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Utrasaundi ilishatuambia ni wa kike na jina tulishalichagua, sisi wawili, kwa siri. Nikaliandika ubavuni mwa begi, herufi kubwa: NASREEN. Chini yake namba yangu ya simu, kila tarakimu kama dole gumba.

Bi Shamsa akasimamisha ungo. "Nyie! Mtoto hajatia mguu duniani mnamwita jina? Uchuro huo."

"Mama, utani tu."

"Utani wa mizigo peleka Kariakoo, baba. Tumbo si Fuso."

Kesho yake nikawahadithia wenzangu kazini. Tarsis, Mchaga mmoja ninayeshona naye viroba, akasema, "Ungeandika na 'Usibinue', wewe. Mtoto wa Kiswahili akibinuliwa anaamka na mdomo." Tukacheka sana siku ile.

Usiku ule ule uchungu ukaanza, na kulipokucha mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa. Bajaji ikatufikisha. Mlangoni mwa wodi mhudumu mmoja akapokea begi, akalipanga na mabegi mengine ukutani. Yalikuwa mengi, na yote mirabamiraba. Sitara akanipa simu yake nimtunzie, akaniambia, "Usiende mbali, msafirishaji ni mimi lakini mlipaji ni wewe." Ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake. Mlinzi akafunga geti. Wanaume hatuingii.

Nikakaa kwenye ngazi nje na simu yangu mkononi, ina chaji, ina mtandao.

Yaliyotokea ndani nimesimuliwa na Candida, dada wa kitanda cha pili, aliyejifungua siku ile ile. Anasema nesi alimfikia Sitara akamwambia, "Vifaa vyako?"

"Viko kwenye begi, hapo nje."

Nesi akatoka, akarudi. "Hakuna begi la Sitara."

"Limeandikwa Nasreen."

"Nakuuliza lako, wewe unanitajia la jirani. Nasreen ni nani?"

"Mwanangu."

"Yuko wapi?"

Candida anasema Sitara alishika tumbo, hakuweza kujibu, uchungu ulikuwa umembana. Nesi akawaambia wenzake, "Haya, leo tumepata mpya. Mtoto hajazaliwa ana begi lake!" Wakacheka. Na mimi nilicheka Jumatatu, najua. Lakini mimi sikuwa nimeshika maisha ya mtu.

Kwa hiyo wakaandika kwamba mgonjwa amekuja mikono mitupu.

Glovu za wodi zilikuwa zimeisha. Wasiseme hazikuwepo, zilikuwepo stoo, makatoni kwa makatoni. Mwenye ufunguo alikuwa semina, hotelini huko Posta. Semina ya nini sikuuliza, nisije nikapiga mtu.

Mchana mlinzi akaita, "Ndugu wa Sitara!" Nikaruka.

"Mke wako hana vifaa. Kanunue."

"Vifaa nimeleta. Shangazi kaja, lina jina Nasreen."

"Mzee, shangazi kaja humo ndani ni kama utitiri."

"Nifungulie nikaonyeshe. Ni hatua chache tu, bosi wangu."

"Wanaume hawaingii wodi ya wazazi. Sheria siyo yangu."

"Basi kamwambie mtu asome ubavuni!"

"Unanituma? Mimi ni mlinzi, siyo mhudumu. Unaenda dukani au huendi?"

Nikaenda. Duka la dawa lililo jirani lilikuwa limefungwa, maji yameingia. Nikakimbia mpaka nikapata jingine, nikarudi nimelowa chapa, glovu nimezificha kifuani ndani ya shati. Geti likafunguliwa safari hii bila kuombwa. Hapo nikajua.

Mtoto alikuwa ametoka mwenyewe, mzima, hakusubiri glovu. Ni damu ya mama iliyokuwa haisimami. Candida anasema manesi walikuwa wanazunguka kitanda, mmoja anaita, "Glovu jamani, glovu!", na hakuna aliyetaka kuingiza mkono mtupu kwenye damu. Hilo silaumu. Hata mimi kiroba chenye misumari sikishiki bila kitambaa. Namlaumu aliyewapeleka kazini na mikono mitupu, kisha akaenda semina.

Daktari akaja kunishika bega. "Baba, tumejitahidi."

Nikamuuliza, "Kwa mikono gani?"



Jioni mhudumu yule yule wa asubuhi akaniletea begi. Lilikuwa ukutani pale pale alipoliweka yeye. Alilishika kwa mishikio yote miwili, jina linamtazama usoni. Nikaliangalia fundo. Uzi wangu, fundo langu, ncha imelala vile vile nilivyoilaza Jumapili. Nikaivuta pale pale mbele yake, likaachia. Nikafungua zipu. Glovu ndizo za kwanza.

Matangani Bi Shamsa alisema neno moja tu, "Nilisema." Simlaumu, ni mama yangu. Lakini uchuro haushiki ufunguo wa stoo.

Baada ya arobaini nikaitwa ofisini kwa mganga mfawidhi, ndiye mkubwa wa pale. Kiyoyozi, maji ya chupa, pole nyingi. Akasema wamefanya uchunguzi, na kulikuwa na changamoto. Hao watu hawana kosa, wana changamoto. "Changamoto kubwa, Bwana Haruna, begi halikuwa na jina la mgonjwa. Tunahimiza familia ziandike majina sahihi."

"Namba mliiona?"

"Namba gani?"

Nilikuwa nimelibeba. Nikaliweka mezani, juu ya makaratasi yake. Akasoma. Akasoma tena. Akasema, "Hili tumelipokea, tutalifanyia kazi." Nikachukua begi langu, nikatoka.

Mkutano wa hadhara mtaani kwetu, mheshimiwa mmoja alipokuja kutueleza wodi mpya na vitanda vipya, niliomba kipaza sauti. Nikauliza swali langu. Mheshimiwa akasema, "Ndugu yangu, pole sana, hilo ni la kitaalamu, waachie wataalamu." Kijana wa itifaki akanichukulia kipaza sauti mkononi kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Wa pili akauliza kuhusu taa za barabarani.

Mtoto nimemwita Nasreen. Bi Shamsa alitaka aitwe Sitara, kama mama yake, nikamwambia, "Mama, mpokeaji habadilishwi, mzigo ulishaandikwa." Akalia, akakubali. Sasa anatembea. Akichoka kukimbia uani analalia lile shangazi kaja, anapitisha kidole kwenye herufi za jina lake bila kujua ni nini.

Laini ya simu sijabadilisha. Tarsis ananiambia, "Haruna, achana nayo, utaumwa kichwa." Yeye mwenyewe kila siku anaandika namba juu ya viroba, na kila siku wapo watu wasiojua chochote, stendi huko, gizani, kwenye tope, wanaosoma namba wanapiga: halo, mzigo wako umefika.

Siku ile nilikaa kwenye ngazi asubuhi hadi mchana, simu mkononi. Kati yangu na lile begi ulikuwepo ukuta mmoja tu. Walipita mbele yake manesi, wahudumu, madaktari, na wote wanajua kusoma kuliko mimi. Kwa nini simu yangu haikuita?