Ukurasa wa Tisa

"Chapisha zote, dada Hidaya. Ila huo wa tisa utoe."

Jafari alikuwa koplo wa mawasiliano, mwenyeji wa kijiji cha Mtae, na likizo yake ilikuwa inaisha Jumatatu. Hidaya alikuwa mhariri wa gazeti dogo la mtandaoni lenye ofisi ya chumba kimoja, juu ya duka la pembejeo mjini Lushoto. Siku mbili kabla, Jafari alimtumia picha za taarifa ya uchunguzi, kila ukurasa ukiwa na muhuri wa SIRI. Alizipiga kwa simu siku aliyoitwa kusaini ushahidi wake, karani alipotoka kupokea mgeni.

Taarifa ilihusu askari watatu wa kikosi cha kimataifa cha kulinda amani, waliokufa nje ya nchi mwaka uliopita. Mmoja wao, Amiri, alikuwa kijana wa Soni. Familia ziliambiwa waliviziwa na waasi. Taarifa ilisema waliuawa na mizinga ya kikosi chao wenyewe.

Ukurasa wa tisa ulikuwa na mazungumzo ya redio. Waasi walielewa Kiswahili na walizoea kuingilia mawasiliano wakijifanya askari, kwa hiyo kamanda aliwaruhusu Amiri na Jafari, Wasambaa pekee kikosini, wazungumze Kisambaa. Wawili hao walijiwekea kanuni: hakuna ujumbe kabla ya salamu kamili, ile ya nyumbani, inayouliza wazazi, watoto, shamba na mifugo, kila swali na jibu lake. Mtu aliyeokota maneno mawili matatu angekwama njiani. Kwa miezi kadhaa kanuni hiyo ilifanya kazi vizuri.

Siku ile Amiri aliita kutoka kituo cha mbele. Jafari, akiwa kambini, akaanza salamu. Amiri, ambaye ndiye mdogo kwa umri, alijibu yote na kuuliza yote. Makombora mawili yalianguka wakati wa salamu. Aliyenakili kumbukumbu aliandika "mlipuko" mara mbili, kati ya shamba na mifugo. Ndipo Amiri akasema: acheni, mnatupiga sisi. Jafari alimfikishia ofisa wa mizinga papo hapo. Ofisa akataka uthibitisho wa maandishi. Makombora mengine manne yalianguka wakati uthibitisho unasubiriwa. Ni yapi yaliyoua, taarifa haikusema.

"Bila ukurasa huu," Hidaya alisema, "watasema hawakupata onyo. Na mimi sitakuwa na cha kuwajibu."

"Jina langu limo."

"Nitalifuta."

"Halafu? Msambaa wa redio aliyebaki ni nani? Mtae nzima inanijua." Jafari alielekeza kidole kwenye kompyuta. "Ramani ya kambi umeifuta. Wanakijiji waliokuwa wanatuletea habari umewafuta. Mimi je?"

"Wale bado wako kule. Wakisomwa, wanauawa. Wewe ukisomwa, unaaibika."

"Na kufungwa."

"Na kufungwa," Hidaya alikubali. "Pengine na mimi."

"Basi rudisha picha zangu."

"Nikurudishie nini, Jafari? Nimeshasoma."

Jafari alicheka kidogo, bila furaha. Hidaya alimwuliza swali alilokuwa nalo tangu juzi: kwa nini hakumkatisha Amiri?

"Ungemkatisha mtu katikati ya salamu? Labda nyie wa mjini. Na kama angekuwa mwasi, leo ungekuwa unaniuliza kwa nini sikuimaliza salamu."

Hidaya aliona kwamba hilo nalo ni kweli. Aliyapima mambo kama alivyozoea kupima habari yoyote. Kuacha kuchapisha kulimaanisha kushiriki katika uongo walioambiwa wazazi. Kuchapisha bila ukurasa wa tisa kulimaanisha kutunga uongo wa pili, mdogo na mzuri zaidi. Njia iliyobaki ilipita juu ya Jafari. Alitafuta nyingine hadi chai ikapoa, asiipate.

"Kabla ya wasomaji, mama yake Amiri ataambiwa," alisema. "Nakwenda Soni. Ukitaka, twende."

Jafari hakutaka, lakini hakuwa na pa kubaki. Alipanda nyuma ya pikipiki ya Hidaya, wakateremka katika manyunyu.

Mama Amiri alikuwa na kibanda cha mboga karibu na barabara. Alikuwa anachambua karoti. Walimwamkia, akaitikia, akawasogezea ndoo mbili zilizopinduliwa. Hidaya alimweleza yote kwa mpangilio, kwa sauti ya chini, bila kupunguza. Mama hakulia. Aliendelea kushika karoti ileile.

"Alisalimia?" alimwuliza Jafari.

"Alisalimia, mama."

"Yote?"

"Yote. Nilimwuliza hali yako, akasema hujambo."

"Ndivyo nilivyomlea." Aliitupa karoti kwenye lundo. Kisha akamgeukia Hidaya. "Chapisha, mwanangu. Waumbuke. Lakini hayo ya salamu yaache."

"Kwa nini, mama?"

"Hulijui soko hili? Mizinga hawataikumbuka. Watasema Msambaa kafa akiulizia ng'ombe. Watoto watamwigiza hapa hapa, mbele yangu."

Hidaya hakuwa amelitarajia hilo. Aliyekosewa na aliyekosea walikuwa wanaomba kitu kimoja, na aliyekuwa na sababu ya kukataa ni yeye peke yake. Alirudia kuzipima sababu zake. Hakuna iliyokuwa imepungua.

"Siwezi kuutoa ukurasa huo, mama. Ndio unaoonyesha kwamba Amiri aliwaambia, na kwamba hawakuacha."

"Sasa umekuja kuniuliza nini?"

"Sikuja kuuliza. Nimekuja kukuambia."

Mama Amiri alichukua karoti nyingine. "Umesoma sana," alisema, na haikuwa sifa.

"Nitachapisha leo jioni," Hidaya alisema. Alisimama akaaga. Mama aliitikia kwa kichwa tu.

Jafari naye alisimama. Mama Amiri akamwuliza, "Wewe unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Mtae."

"Kwa barabara ile? Utafika wameshasoma. Watakusubiri wakusikie unasalimia."

"Basi niende wapi, mama?"

"Kaa."

"Hapa? Sokoni?"

"Hapa. Atakayetaka kucheka, atacheka mbele yetu wote wawili."

Jafari alimtazama Hidaya kana kwamba yeye ndiye angeweza kumruhusu aondoke. Hidaya alikuwa ameshawasha pikipiki. Mama akamsukumia Jafari gunia la karoti hadi magotini, akampa kisu kidogo cha kukatia majani. Wateja wawili walifika na kumwuliza mama kijana huyu ni nani.

"Ni wa kwangu," alisema. "Mnataka kilo ngapi?"

Jafari alishika karoti ya kwanza na kuanza kukata majani, huku ameinamisha kichwa.