Viapo Saba vya Bi Majira

Thabitini ilikuwa nchi nzuri, na wachache wanaoikumbuka hawaitaji bila kushusha pumzi. Ilikaa kati ya milima ya Kadiri na jangwa la Kiasi, ikakatwa katikati na mto mpana ulioitwa Baini. Asubuhi zake zilinukia kahawa, adhuhuri zake zilikuwa na kivuli cha kutosha, na watu wake walipenda uthabiti kama watu wa nchi nyingine wapendavyo dhahabu. Waliamini kwamba Muumba alimpa kila mja tabia moja, kama alivyompa kichwa kimoja, na kwamba mtu aliyeonekana na tabia mbili alikuwa ameiba moja.

Kwa imani hiyo waligawana mto. Upande wa mashariki palikuwa na mji wa Bashasha, makao ya watu wa furaha, na kazi zao zilikuwa harusi, ngoma na kukaribisha wageni. Upande wa magharibi palikuwa na mji wa Majonzi, makao ya watu wa huzuni, ambao waliosha maiti, waliandika barua za rambirambi na kufagia makaburi. Kijana alipotimiza miaka kumi na minane alipelekwa kwenye Daraja la Ikrari, akaweka kiganja juu ya jiwe lililolainishwa na viganja vya babu zake, akaapa: "Hii ndiyo tabia yangu, leo na kesho." Baada ya hapo alikwenda kuishi upande alioutaja, akazeeka huko, akafia huko.

Aliyekosea aliruhusiwa kuapa upya, na mume au mke wake aliruhusiwa kumfuata. Lakini kiapo cha saba kilikuwa jinai. Sheria ilikiita Uasi wa Tabia, na adhabu yake ilikuwa ndoa kuvunjwa na mkosaji kupelekwa peke yake katika bonde la Sahauni, ambako jamaa zake hawakuruhusiwa kumfuata wala kulitaja jina lake tena. Ni haki kusema kwamba watu wa Thabitini hawakuwa wakatili. Walipeana moto, walilishana siku za njaa, na hawakupita mlangoni pa mgonjwa bila kubisha. Ila ugonjwa wenyewe ilibidi uwe wa mwili, uwe na homa au kidonda, ili wautambue.

Katika nchi hiyo aliishi mshona kofia aliyeitwa Majira. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na kofia alizotarizi zilijulikana kwa mbali sokoni, kwa maana hazikuwa na fundo hata moja kwa ndani. Mumewe alikuwa Stahamili, mchonga milango, mtu wa maneno machache na mabega mapana, naye alihitaji vyote viwili.

Majira aliapa kwa mara ya kwanza kuwa mtu wa Bashasha, wala hakusema uongo. Lakini mwaka wa pili wa ndoa yake furaha ilimjia kwa namna nyingine. Alilala saa mbili tu kila usiku kwa siku tisa, wala hakuchoka. Alianza kofia arobaini kwa wakati mmoja, kila moja kwa nakshi yake, asimalize hata moja. Akagawa masufuria kwa wapita njia. Akasema upesi hivi kwamba sentensi moja iliikanyaga nyingine visigino. Majirani walikuja kumtazama kwa husuda.

"Mwenye furaha ndiye huyu," alisema mama mmoja wa Bashasha. "Sisi wengine tunaigiza tu!"

Wakampa kiti cha mbele katika kila harusi. Siku ya kumi alipanda juu ya paa, akatangaza kwamba amesema na mvua na kwamba mvua imemwahidi kuja Ijumaa. Mtaa mzima ukampigia makofi. Mtu mmoja tu hakupiga, naye alikuwa ameshika ngazi.

"Shuka, mke wangu. Paa linateleza."

"Nishuke niende wapi, bwana," alijibu Majira akicheka, "na huko chini kote kumejaa watu waliolala?"

Mvua haikuja Ijumaa. Ilikuja huzuni. Majira alilala akiutazama ukuta siku arobaini. Kikombe cha maji kilikuwa kizito mkononi mwake kama jiwe la kusagia, na kitana kilimshinda. Watu wa Bashasha wakaona aibu kwa niaba yake, wakamwongoza kwenye daraja, naye akaapa kiapo cha pili kwa sauti isiyosikika. Stahamili akajitwika kitanda, wakahamia Majonzi. Huko nako akapokewa kwa heshima. Wanawake wa Majonzi waliketi miguuni pake wajifunze.

"Mwanangu, una huzuni safi," alisema mmoja wao kwa kustaajabu. "Haina hata sababu!"

Hivyo ndivyo kila upande wa mto ulivyoyatukuza maradhi yale kwa zamu yake, na hakuna upande uliomuuliza mgonjwa kama anaumwa. Akavuka kwa kiapo cha tatu, cha nne, cha tano, cha sita. Stahamili alikizoea kitanda kile mgongoni hata akajua ni hatua ngapi apumzike. Kati ya safari hizo zilikuwapo siku za kati, nyingine wiki, nyingine miezi mizima, ambazo Majira alikuwa mshona kofia tu. Siku hizo hazikuandikwa popote, kwa sababu hazikuwa na mji wake.

Asubuhi moja ya siku hizo, baada ya kiapo cha sita, mume na mke walikuwa wakichambua mchele kibarazani huko Majonzi.

"Bwana."

"Naam, mke wangu."

"Nataka kukuuliza neno, usicheke."

"Sicheki, labda liwe la kuchekesha."

"Nikiwa juu ya paa, ni mimi yule? Na nikiutazama ukuta, ni mimi? Au ni wapangaji wawili wanaopokezana nyumba hii, nami ni mlango tu wanaopitia?"

Stahamili alitupa chuya moja, akafikiri. "Mimi nimeoa mmoja," alisema. "Na harusi yenyewe waliokula walikuwa mia mbili. Kama mko watatu, mjomba wako angedai tupike tena."

Majira alicheka hata mchele ukamwagika. Kisha akanyamaza, kwa maana aliona mumewe hacheki.

"Ila nakuogopea," alisema Stahamili. "Ukiwa juu naficha ngazi. Ukiwa chini nafunika kisima. Mtu mwenye furaha tu hafichiwi ngazi, Majira, na mwenye huzuni tu hafunikiwi kisima. Hili ni jambo jingine, nalo halina jina kwetu."

Hayakupita majuma mawili mambo yakaharibika. Alikufa mfagia makaburi mkuu wa Majonzi, na katikati ya mazishi, watu wameinamisha vichwa, Majira aliimba wimbo wa kumtoa bi harusi ndani. Aliuimba vizuri, kwa beti zake zote. Waombolezaji walimkokota mpaka kwenye Daraja la Ikrari, akaapa kwa bashasha kubwa, na kabla kiganja chake hakijapoa juu ya jiwe alikamatwa. Kilikuwa kiapo cha saba.

Kesi iliwekwa baada ya siku kumi na nane. Stahamili hakwenda kwa wakuu kuomba. Alikwenda kwenye nyumba ya wageni, ambako alifikia Tabibu Sikizo, mwanamke kutoka nchi ya Uchunguzini, aliyekuja kununua mizizi ya dawa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tabibu alimtembelea Majira gerezani siku kumi na moja mfululizo, na watu walishangaa kwamba hakumpima kitu. Alimuuliza tu: Analala saa ngapi? Furaha huanzia wapi, kichwani au miguuni? Huzuni humwambia maneno gani? Mwisho akamuuliza kama kuna mtu wa ukoo wake aliyekuwa na hali kama hiyo.

Furaha ilikuwa imeanza kumtoka Majira, na uso wake ulikuwa wa kijivu. "Nilikuwa na shangazi," alisema. "Alinifundisha kushika sindano. Siku moja nilirudi kutoka kisimani nikakuta kiti chake hakipo. Jina lake siruhusiwi kulisema."

"Ulimpenda?"

"Mpaka leo nikitunga uzi, naushika anavyoushika yeye."

Siku ya kesi watu wa pande zote mbili walijaa barazani. Kadhi Msimamo, mzee aliyeheshimiwa kwa kutobadili hukumu hata moja kwa miaka arobaini, aliketi mahali pake. Bwana Lawama, mwendesha mashtaka, alisimama katika kanzu yake ya mashariki na tabasamu lake la mashariki, akahesabu viapo saba kwa vidole, kisha akamwita shahidi. Huyu alikuwa Bwana Kitasa, mlinzi wa daraja, ambaye hakumwogopa mtu yeyote kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeitaka kazi yake.

"Ulimwona mshitakiwa akivuka mara nyingi?" aliuliza Lawama.

"Nilimwona. Na mumewe na kitanda. Maskini kitanda kile!"

"Je, umepata kumwona mtu mwingine mwenye tabia mbili namna hii?"

Kitasa alijikuna kidevu. "Bwana mkubwa, swali hilo ungeniuliza faraghani."

"Jibu!" alisema Kadhi.

"Basi nitajibu, na mnisamehe. Bwana Lawama mwenyewe huja kila Alhamisi, nami humfungulia lango la nyuma. Huenda Majonzi kulia kaburini kwa mama yake. Hurudi macho yamemwiva kama mpika maandazi."

"Ulikuwa moshi!" alipiga kelele Lawama. "Macho yangu hayavumilii moshi!"

"Moshi wa kaburini, bwana?"

Baraza likaangua kicheko, na Kitasa akapata moto. Akataja waosha maiti waliokuja Bashasha kwa siri kula pilau na kucheka hata wakashikilia mbavu. Akataja mabwana harusi waliokwenda Majonzi kupumzika. Watu walitazamana. Kisha sauti moja ikapanda: "Mwacheni mama wa watu! Yeye ni kama sisi!" Na sauti mia zikaipokea: "Ni kama sisi! Ni kama sisi!" Kadhi Msimamo aliinua mkono, na ilionekana wazi kwamba alikuwa karibu kumwachia.

Hapo Majira akasimama.

"Mheshimiwa Kadhi, mimi si kama wao."

Stahamili alimvuta ncha ya mtandio. "Nyamaza, mke wangu. Mlango umefunguliwa."

"Najua, bwana. Lakini nikipita mlango huu nitarudi tena." Akawageukia watu. "Nawashukuru, ndugu zangu. Ninyi mnavuka mto kwa miguu yenu. Mkitaka kulia mnakwenda, mkishiba machozi mnarudi, na chakula chenu mnakikuta kingali moto. Mimi sivuki. Mimi nachukuliwa na mafuriko, na sichagui yanitupe ng'ambo ipi. Mkisema ni kama ninyi, mtanipigia makofi tena nikipanda paani, na mtaketi tena miguuni pangu nisipoweza kunyanyua kikombe. Sitaki tena kiti cha mbele. Nataka mtu anishikie kamba."

Kadhi akamwinamia. "Lakini sheria haina budi kujua, binti yangu. Majira wa kweli ni yupi? Wa paani, au wa ukutani?"

"Mimi ndiye ninayewaogopa wote wawili."

Tabibu Sikizo akaitwa. Alisema kwamba katika nchi yake kuna maradhi yaitwayo ya ncha mbili. Kwamba hayatokani na uongo, wala pepo, wala malezi mabaya. Kwamba mara nyingi hutembea katika ukoo, na kwamba yana dawa na yana mwenendo wa kuishi nayo. "Nadhani ndiyo yanayomsumbua," alimaliza. "Lakini sijui kwa yakini. Nimemsikiliza siku kumi na moja. Nipeni mwaka."

"Hajui!" alisema Lawama, akifurahi kupata pa kushika. "Mheshimiwa, ameletwa shahidi asiyejua!"

Kadhi Msimamo aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Shangazi yake huyu aliitwa Tufani," alisema hatimaye, na watu wote wakashtuka, kwa maana jina hilo halikuwa limetamkwa kwa miaka ishirini na sita. "Mimi ndiye niliyempeleka Sahauni. Aliimba njia nzima. Siku ile nilijua kwa yakini, wala sikuuliza mtu analala saa ngapi." Akafuta uso kwa kilemba. "Leo sijui. Kesi imeahirishwa mpaka ijulikane. Na mtu asiyejulikana hali yake haondolewi kwake."

Stahamili alikaa chini palepale. Majira hakushangilia. Alikuwa analia, na midomo yake ilikuwa ikilirudia jina la shangazi yake polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kilichofichwa siku nyingi.

Mwaka ukapita, na mingine ikafuata. Dawa ya tabibu ilikuwa chungu, ikamtetemesha Majira vidole, na kofia zake zikawa na mshono mkubwa zaidi. Alilalamika juu ya jambo hilo maisha yake yote. Mafuriko yalirudi mara tatu. Lakini sasa ishara zake zilijulikana: akianza kofia ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza, Stahamili alimwita tabibu, na Majira, hata kama alikasirika, alikuwa ameshaahidi siku za utulivu kwamba atakubali. Watu wa Thabitini nao waliacha kuapa, si kwa siku moja wala kwa amri moja, bali kila mwaka vijana waliokwenda darajani walikuwa wachache kuliko mwaka uliotangulia. Bwana Kitasa alistaafu akisema hajapata kazi nyepesi kama ile ya kulinda lango lililo wazi.

Kesi haikufunguliwa tena. Majira alifariki akiwa na miaka sabini na mmoja, kwa kikohozi cha kawaida, nyumbani kwake, kichwa chake mkononi mwa mumewe.

Siku ya tatu ya matanga, wazee waliokuwapo barazani zamani wakawa wanakumbushana. Mmoja alimkumbuka Majira wa paani, namna alivyong'aa hata jua likaona haya. Mwingine alimkumbuka Majira wa ukutani, na ukimya wake uliokuwa mzito kuliko dua. Wakabishana kidogo, kwa upole, kama wazee wanavyobishana msibani. Mwishowe wakamgeukia mwenye nyumba.

"Nawe, Bwana Stahamili? Unamlilia yupi?"

Mzee alifikiri, kama alivyofikiri kwa kila swali.

"Hao wawili niliwajua na niliwatunza," alisema. "Lakini ninayemtafuta nikiamka ni yule wa siku za kati. Yule aliyekuwa akiniuliza kila jioni kama nimewafungia kuku."