Mbu Hasemi

Dirisha la gari liligongwa kwa mguu. Haukuwa mguu wa mtu. Ulikuwa mguu wa mbu, wa kijivu, umejazwa sponji, na mwenye nao alikuwa mzee mrefu aliyebana kichwa cha mbu kwapani.

"Kijana, una urefu gani wewe?"

Nilikuwa peke yangu kwenye maegesho ya uwanja wa Vesterlund, nikijifunza mbele ya kioo cha gari namna ya kumwambia Delphine kwamba nampenda. Tulimaliza chuo Mei, tukaamua kuvuka nchi kwa gari la mama yangu, na tangu Ohio nilikuwa naahirisha tu. Sasa siku zilikuwa zimeniishia. Ilikuwa tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Dada yake, Odile, angekuja kumchukua katikati ya mchezo ampeleke kaskazini, kwenye kambi alikopata kazi. Kumwandikia nisingeweza. Delphine alishanionya tukipita Wisconsin: "Mwanamume anayetangaza mapenzi kwa ujumbe wa simu, ajibiwe na kampuni ya simu."

"Futi sita, mzee," nilijibu.

"Mungu yupo! Mimi Alvar Tollefson. Mbu wa timu hii ndiye mimi, navaa vazi hili kuchangamsha watu. Nimeteleza kwenye aiskrimu, kifundo kimevimba kama andazi. Nishikie zamu raundi nne tu, nikiweka barafu."

"Lakini mzee, mimi leo..."

"Watoto wamekuja kumwona mbu, hawakuja kuona besiboli. Besiboli yetu umewahi kuiona? Basi shukuru." Akanipa kichwa. "Sharti moja. Mbu hasemi. Hata baba zao hawajapata kumsikia. Usivue kichwa, usitoe neno, mpaka mtoto wa mwisho atoke uwanjani. Ahadi?"

Macho yake yalikuwa yamelowa. Delphine alikuwa bado kwenye foleni ya soseji.

"Ahadi," nikasema.

Ndani ya kile kichwa mlinuka vitunguu na jasho la miaka. Mrija wa kunyonyea damu ulikuwa bomba la mashine ya kufagilia, mrefu kuliko busara yangu. Kabla raundi ya kwanza haijaisha nilikuwa nimeangusha kofia mbili na kumchoma mchungaji sikioni.

"Mbu, umenenepa! Unakunywa damu ya nani siku hizi?" alipiga kelele mama mmoja.

"Leteni chandarua!" wakajibu mashabiki wa wageni wetu, Kambare wa Ostby, waliokuwa wakitufunga bila huruma.

Raundi ya tano nilikimbilia hema la huduma ya kwanza kumrudishia mzee vazi lake. Mzee Tollefson alikuwa amelala fofofo, barafu iko tumboni badala ya mguuni. Mlangoni walisimama watoto wakinitazama, kwa hiyo sikuweza kumwita. Nikamdonoa kwa mrija. Akaupiga kofi usingizini, akanung'unika, "Potelea mbali, mbu we!" na kugeukia upande wa pili.

Ikafika raundi ya saba, na kwa desturi ya besiboli watu wote wakainuka kunyoosha viungo na kuimba. Hapo Vesterlund, wimbo ukiisha, mbu humuuma shabiki mmoja shavuni. Nikapanda moja kwa moja hadi kwa Delphine. Alikuwa na begi begani. Juu ya ngazi Odile alisimama akichezesha funguo.

"Corwin, najua ni wewe," Delphine alisema. "Nani mwingine anayetembea huku akiviomba radhi viti? Umenitoroka mchezo mzima. Nilikuwekea soseji, nikaila mwenyewe kwa hasira."

Watu wa karibu wakageuka kututazama.

"Sasa naondoka. Hilo neno ulilolimeza tangu Ohio, liteme."

Kibinti mmoja mdogo alikuwa amekumbatia mguu wangu wa tatu. "Mama, mbu anasema?"

"Hasemi, mwanangu."

"Leo atasema?"

Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nikajaribu kuweka mkono moyoni, lakini miguu ya yule mbu ilikuwa imeunganishwa kwa kamba, yote ikainuka juu kwa pamoja.

"Hiyo nini? Umekamatwa na polisi?" Delphine akauliza. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alisubiri.

"Delphine!" Odile akaita. "Twende, barabara itajaa!"

Bado akasubiri. Nilisikia pumzi zangu zikipiga filimbi ndani ya bomba.

"Haya," akasema taratibu.

Nikamgusa shavu kwa mrija, kama ilivyo desturi. Uwanja mzima ukashangilia. Akajifuta, akapanda ngazi, akageuka mara moja, kisha umati ukamficha.

Kibinti akanivuta mguu. "Mbu, una huzuni?"

Nikatikisa kichwa kukataa, na mrija ukamwaga bisi za safu nzima. Akacheka mpaka akakaa chini.

Tulifungwa vibaya. Zikaja fataki, na baada ya fataki foleni ya watoto wanaotaka kuumwa na mbu. Nikawauma wote. Wa mwisho alikuwa amelala begani kwa baba yake. Nikamuuma polepole asije akaamka, nikawapungia miguu yote mpaka gari lao likatoka getini. Ndipo nikavua kichwa.