Kadi ya Bikira

Mishipa ya mikono ya Bibi Evanthia ilistaafu kabla ya mwenyewe. Mara ya mwisho walimchoma mara saba, na sindano ya saba ilimtoa machozi. Ndipo daktari akampachika kidude chini ya ngozi ya kifua, mlango mdogo wa kupitishia dawa za saratani. Leo alikuja kupigwa picha ya CT akiwa na azimio moja tu: hakuna sindano itakayomgusa mkono.

"Kadi ya kidude iko wapi, bibi?" akauliza Argyris, fundi wa mashine.

"Kadi ya nini? Kidude chenyewe si hiki hapa, mwanangu?"

"Mashine inasukuma kwa nguvu dawa ya rangi, ile inayofanya picha ionekane vizuri. Vidude vingine vinahimili, vingine vinapasuka. Kadi ndiyo inayosema. Bila kadi, tunarudi mkononi."

Bibi Evanthia akaitazama dari. "Nilimpa Bikira Maria."

Kijijini kwao, milimani juu ya mji wa Volos, Ugiriki, aliyepona mguu humtundikia Bikira mguu wa bati kwenye picha yake kanisani, kama shukrani. Kwa kuwa hakuna mhunzi aliyewahi kufua kidude cha kifuani, bibi alitundika kadi.

Argyris akachukua mpira wa kufungia mkono. Bibi akachukua simu, akampigia padri wa kijiji, akaweka spika.

"Baba Loukas, nisomee kadi yangu pale kwa Bikira."

"Ile iliyo kati ya goti la bati la Stavroula na sikio la bati la muuza samaki?"

"Hiyohiyo."

Padri akasoma jina la kiwanda kwa sauti ya Jumapili, nusura aimbe.

"Simdungi mtu kwa sauti ya padri," akasema Argyris. "Atume picha, mbele na nyuma."

"Kilichotolewa kwa Bikira hakibanduliwi," padri akajibu.

"Nani kasema ubandue? Igeuze tu. Mwombe ruhusa, nasubiri," akasema bibi.

Padri akasikika akinong'ona sala. Picha ya kwanza ilionyesha dole gumba la padri. Ya pili ilionyesha namba ya kidude, sawa na iliyo kwenye faili la bibi. Ya tatu ilisema kidude kinahimili mililita tano kwa sekunde.

Argyris akaurudisha mpira mahali pake. Sindano maalumu ikaingia kifuani mara moja, damu ikarudi vizuri kwenye mrija, ishara kwamba njia iko wazi.

"Dawa ikiingia utahisi joto kama umejikojolea, bibi. Usijali, hutakuwa umejikojolea."

"Kwa umri wangu, mwanangu, lazima niangalie kwanza."

"Sasa vuta pumzi, uizuie. Usiongee."

Bibi Evanthia, ambaye kijiji kizima hakijawahi kumsikia amenyamaza, akanyamaza sekunde kumi na mbili, mikono yote miwili imelala juu ya kichwa, haina hata tundu.