Kumi na Tatu, Si Kumi na Saba

Fundi seremala alirudi shule akiwa na miaka arobaini na mmoja, akaangukia darasa moja na binti yake. Wanafunzi walimbatiza Bibi Randa, kwa kifaa chake cha kulainishia mbao. Binti mwenyewe, kwa aibu, alikaa mbali naye, akijifanya hamjui.

Jumatatu moja mwalimu wa hisabati aliandika ubaoni: mzingo wa mstatili ni mita thelathini na nne, urefu umezidi upana kwa mita saba, tafuta ulalo, yaani mstari wa kona hadi kona. Akamwita Bibi Randa.

"Upana nauita x," alisema mama, chaki mkononi. "Urefu ni x na saba. Pande zote nne zikijumlishwa, ni x nne na kumi na nne. Hizo ndizo thelathini na nne. Ondoa kumi na nne, zinabaki ishirini. Gawa kwa nne: upana tano, urefu kumi na mbili."

"Endelea."

"Ulalo unakata mstatili, tunapata pembetatu zenye pembe mraba. Tano mara tano, ishirini na tano. Kumi na mbili mara kumi na mbili, mia moja arobaini na nne. Jumla mia moja sitini na tisa. Kipeuo chake cha pili kumi na tatu."

Mwalimu akafunua majibu nyuma ya kitabu. "Kumi na saba. Futa."

"Sifuti, mwalimu."

"Unabishana na kitabu?"

"Kumi na saba ni tano na kumi na mbili. Huko ni kuzunguka kona! Ukikata njia ukatembea umbali uleule, umekata nini?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akavimba. "Hapa si karakana, mama. Futa au toka!"

"Mama, futa tu," binti akanong'ona.

Neno hilo lilimchoma kuliko yote ya mwalimu. Hata hivyo hakufuta. Alichukua mkoba wake, akatoka hadi uwanja wa mpira wa pete, akatoa tepu yake ndefu. Alinasa ncha ya tepu kwenye kigingi cha pembe ya uwanja, akapima mita kumi na mbili kwenye mstari mmoja na tano kwenye mwingine, akatia alama za chaki. Kisha akakwama: kwenye alama hapakuwa na kigingi, na ncha ya pili ya tepu haikuwa na mshikaji.

Madirishani vichwa vilijazana. Hakuna aliyethubutu.

Mara mlango ukafunguka. Binti yake akatoka bila kuomba ruhusa, akapiga magoti kwenye alama, akaibana ncha ya tepu kwa kidole.

"Vuta, mama."

Mama akavuta tepu mpaka alama ya pili, akasoma kwa sauti: "Kumi na tatu!"

"Kumi na tatu!" binti akapaza sauti kuelekea madirishani, hadi madarasa mengine yakachungulia.

Waliporudi ndani, mwalimu alikuwa amekwisha kulikata kwa mstari jibu la kitabuni. "Kitabu kimekosea," alisema bila kumtazama.

"Na wewe je, mwalimu?"

Akakohoa.

"Na mimi."

"Haya," alisema mama, akiketi. "Lete swali la pili."