Dhahabu ya Pangi Kinywani Mwangu

Ajida Onema, askari wa cheo katika jandarme, alinivunja meno mawili ya mbele kwa kitako cha bunduki kwa sababu sikumwambia ilipo dhahabu. Miaka ile ya Chama kimoja dhahabu yote ilikuwa ya Serikali, na marehemu mume wangu alikuwa ameniachia chupa ndogo ya vumbi la dhahabu kutoka machimbo ya Pangi. Jandarme yule alipasua magodoro, akamwaga mchele wangu wote uani. Chupa ilikuwa ndani ya birika la kutawadhia, karibu na mguu wake. Mjinga mkubwa.

Tangu hapo nikawa nacheka kwa kufunika mdomo na kitenge, na hilo liliniuma kuliko fizi. Kila Jumamosi kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka barabara, wanawake wa mtaa wa Mikelenge tuliimba nyimbo za Chama, na mwanzishaji nilikuwa mimi. Sasa nilinyamaza, na Onema, msimamizi wetu, alifurahi.

Nikaenda hospitali kwa daktari wa meno, Okito.

"Imevunjikia ndani ya fizi," alisema. "Niing'oe, nikuwekee ya plastiki."

"Mizizi imekufa?"

"Hapana, iko nguvu. Naweza kupasua fizi, jino itokeze, tuivike kofia. Lakini madini ya kutengeneza kofia sina."

Nikaweka chupa mezani. Akaenda kufunga mlango.

"Mama Safi, hii njo gereza, ndiyo kufungwa."

"Dokta, kinywa njo yangu."

Alinichoma sindano ya ganzi, akapasua fizi, akaisogeza juu, akaishona. Ilipopona alichukua umbo la visiki vya meno kwa nta, na Mbaraka sonara akayeyusha dhahabu, akatengeneza kofia mbili, Okito akanivisha.

Jumamosi iliyofuata nilianzisha wimbo kwa mdomo wazi. Onema akaja mbio.

"Sitwayeni," aliniita, yaani raia, kama Chama kilivyotaka tuitane, "hiyo ulitoa wapi?"

"Njo ile ulitafuta kwangu," nilimjibu, watu wote wasikie. "Uliniuliza, ukanivunja meno. Leo nimekujibu. Vunja tena, ukamate."

Majembe yalisimama. Niliogopa, sisemi uongo. Lakini wanawake walisogea nyuma yangu na mapanga yao ya kufyekea. Onema aliyatazama mapanga, akanitazama mdomoni.

"Endeleeni na kazi," akasema.

"Wimbo haijaisha, ajida."

Nikauimba hadi mwisho, nikimwonyesha meno kwa kila neno. Sijawahi kukisifu Chama kwa furaha kama siku ile.